Mume wangu anataka Tanga, boma langu liko Bagamoyo

Bi Mshauri, assalaam alaykum.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wenzangu, mengine nimeyasoma kwa sauti tukiwa zamu ya usiku, lakini sikudhani kuna siku nitashika kalamu nikuandikie langu. Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka 59, na Juni mwakani natimiza 60, nastaafu kwa lazima baada ya miaka 34 ya utumishi. Miaka 27 ya mwisho nimeifanyia kituo kimoja mkoani Dodoma. Nyumba tunayokaa ni ya kituo, kwa hiyo siku ya kukabidhi wodi ndiyo siku ya kukabidhi funguo za nyumba.

Mume wangu ana miaka 66. Alikuwa fundi wa reli, akapunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake akafungulia karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Sasa macho yamechoka, karakana ameifunga. Ana presha na sukari, na dawa zake nazihesabu mimi. Tuna watoto watatu, wote wana maisha yao. Binti, ndiye wa kwanza, yuko Bunju na mumewe na wanawe wawili. Wa kiume mmoja yuko Mwanza, mwingine Mtwara.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Amezaliwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, katika nyumba ya baba yake ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani kuna mti wa ndimu ambao hachoki kuutaja. Mama yao alitangulia, baba akafariki mwaka 2009. Wamebaki watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Wifi yangu mkubwa, mjane, anaishi humo na wajukuu zake, na vyumba viwili wamepangisha. Mirathi haijafunguliwa mpaka leo. Kila ikigusiwa, mmoja wao husema, "Kwani tunagombana?" na mazungumzo huishia hapo.

Mpango wake ni huu: mkupuo wangu wa kustaafu ukitoka tubadilishe mabati ya nyumba ile, tujenge choo cha ndani, tuongeze vyumba viwili vya kwetu upande wa uani, na mbele tufungue fremu moja auze vifaa vya umeme. Kila mwezi anapanda basi kwenda kwao, na akirudi amebeba machungwa ya Muheza na uso umemnawiri. Anasema anataka kuswali msikiti uleule aliosomea chuoni akiwa mtoto, na azikwe walipozikwa wazee wake.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazazi wangu wamefariki, na nyumbani kwetu hakuna wa kunipokea isipokuwa binamu. Bagamoyo nilipelekwa na kazi, semina ya wiki tatu mwaka 2008. Jioni tulikuwa tukishuka ufukweni kuangalia ngalawa zikirudi na samaki wakinadiwa pale mchangani. Babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wake walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo. Sijui ni hadithi ile au ni ule upepo, lakini nilijisikia nimefika. Mwaka 2012 kikundi chetu cha akina mama hapa kituoni kilinipa zamu yangu, nikaongeza na akiba, nikanunua kiwanja Kiromo, huko huko Bagamoyo, hatua 20 kwa 30.

Sikumwambia mume wangu. Naomba usinifikirie vibaya. Karakana ilikuwa inadaiwa na niliogopa fedha ingekwenda huko. Alijua mwaka 2014 alipoikuta karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya kijiji. Hakufoka. Alisema, "Hongera," akatoka nje akakaa. Tangu hapo nimejenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, na sasa boma limefika kwenye lenta.

Mambo mawili yananiumiza. Idd iliyopita tulikuwa Tanga. Nikaingia jikoni kusaidia, nikashika mwiko wa pilau. Wifi yangu akauchukua mkononi mwangu akasema, "Mwacheni mgeni akae barazani apigwe upepo." Alisema kwa mapenzi, na kiti alinifutia mwenyewe kwa kanga yake. Lakini nimeolewa miaka 33, Bi Mshauri. Nimekuwa ule usemi wao, waja leo waondoka leo. Je, nikihamia pale nitakuwa nani?

La pili, mwaka huu tulitoka harusini Bunju tukapita Kiromo nimwonyeshe boma. Alisimama barabarani, mikono ameiweka nyuma, akaangalia. Akasema, "Pazuri." Akarudi garini. Hakuvuka hata kuingia ndani.

Binti yetu anasema, "Mama, njoo Bagamoyo, wanangu wapate bibi." Wa kiume wanasema mtakavyoamua. Na juzi mume wangu aliniambia kama nimeupenda sana mji wangu niende, yeye atakwenda kwao, "tutatembeleana." Alisema huku anatabasamu. Sikulala usiku ule.

Wenzangu kazini wanasema mke mwema humfuata mumewe. Wengine wanasema nisithubutu kuweka mkupuo wangu kwenye nyumba ya watu. Juni haiko mbali. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Dodoma

*

Waalaykum salaam, Mama wa Watatu, dada yangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale alipokwama mumeo: barabarani, mikono nyuma, mbele ya boma. Nitarudi hapo.

Umeniuliza Tanga au Bagamoyo. Unastaafu mwakani, nyumba ya serikali inarudi kwa wenyewe, na fedha ya mkupuo itakuja mara moja tu katika maisha yenu wote wawili, kwa kuwa ya kwake ilishakwenda. Mwenzako anakuita kwenye nyumba ambayo baada ya miaka 33 bado unafutiwa kiti. Wewe unamwita kwenye kiwanja ambacho alikigundua kwenye karatasi. Kila mmoja wenu, kwa nia safi kabisa, anamkaribisha mwenzake akawe mgeni uzeeni. Hilo naliona kubwa kuliko umbali wa miji hiyo miwili, na mkilifungua, huenda suala la mji litakuwa jepesi kidogo.

Nianze na wifi yako. Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe hujapewa jembe kwa miaka 33, na nakuelewa kuumia. Hebu nikuulize kwa upole: Tanga umewahi kukaa siku ngapi mfululizo? Idd siku tatu, msiba siku saba, likizo ukirudi kazini kabla haijaisha kwa sababu wodi haina watu? Mjane aliyeendesha nyumba ile peke yake miaka yote hii akikuona umekuja na begi lako, pengine anaogopa kukutumikisha mwanamke wa kazi aliyetoka safari. Pengine pia anajua mipango ya kaka yake, na anajiuliza yeye na wajukuu zake watahamia chumba gani mabati mapya yakishapigwa. Hofu yako na yake huenda ni moja. Hili hutalijua kwa kukisia. Ungekwenda bila mumeo, wiki mbili, si sikukuu wala si msiba, ukamwomba mwiko kwa mdomo wako, ungerudi na habari ambayo hakuna mshauri anayeweza kukupa.

Sasa nyumba yenyewe. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu "kwani tunagombana?" ni neno tamu, na nimeona familia nyingi zikilitamka mpaka siku moja kabla ya kugombana. Ninyi ni Waislamu, basi tupige hesabu ya mirathi. Mwanamume hupata mafungu mawili, mwanamke moja. Wanaume watatu ni mafungu sita, wanawake wawili ni mawili, jumla manane. Mumeo ana mawili katika manane, yaani robo ya nyumba. Akitangulia yeye, Mungu amweke, wewe mke mwenye watoto una thumni ya robo ile. Ni sehemu moja katika 32. Nyumba ina vyumba sita, na sehemu hiyo haifiki robo ya chumba kimoja.

Mabati utakayopiga yatakuwa juu ya vichwa vya warithi watano. Vyumba viwili vya uani vitakuwa vimesimama kwenye kiwanja ambacho hakijagawanywa, na siku watu watakapotaka kugawana, hakuna atakayekumbuka saruji ilinunuliwa na nani isipokuwa kuna maandishi. Sisemi wakwe zako ni watu wabaya. Sijaona dalili hiyo popote katika barua yako. Ila kuna wajukuu, kuna wakwe wapya, na kuna ndugu watakaoishiwa fedha siku moja.

Mimi nilimlea shangazi yangu katika eda yake, miezi minne na siku kumi, kwenye nyumba ya ukoo wa marehemu mumewe. Waliompenda walimpenda kweli. Hata hivyo, mwezi wa tatu akaja mtu kukitazama chumba chake, ameelekezwa na dalali kuwa kitakuwa wazi. Hakuna aliyekiri kumtuma. Shangazi alimaliza eda yake salama, akaondoka na sanduku moja na mashine ya kushonea. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza wapi akastaafu na mwenzake, namwuliza swali linalomkera: atakayebaki peke yake kati yenu, abaki wapi? Wewe, dada yangu, ukikaa eda, utakaa nyumba ya nani, na nani atakuletea uji?

Na swali hili lina upande wa pili, tusije tukamwonea mumeo. Ukitangulia wewe na mmeshahamia Kiromo, yeye atakuwa mzee wa Kitanga mwenye sukari, kijijini ambako jirani zake ni watu waliomjua kupitia kwako. Atarithi robo ya nyumba, na robo tatu itakuwa ya watoto ambao mmoja yuko Mwanza na mwingine Mtwara. Nani atamwamsha alfajiri? Kwa hiyo hofu ya kuwa mgeni kwa mwenzio si yako peke yako.

Kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukalipita. Macho yamechoka. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi kwamba sukari huingia machoni, na kwamba si kila giza la mtu wa miaka 66 ni la uzee. Je, amechunguzwa nyuma ya jicho na daktari wa macho, au mmenunua miwani tu? Nauliza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya afya, na hiyo isisubiri Juni. Ya pili ni hii: mtu ambaye macho yanamwacha hutamani kuishi mahali ambapo miguu inajua njia. Ngamiani barabara zimepangwa kwa namba, moja baada ya nyingine, na yeye anazijua tangu hajaanza kuvaa viatu. Kwenda msikitini, kurudi, kukaa barazani akasalimiwa kwa sauti anazozitambua, hayo anayaweza hata jicho likififia. Kiromo itabidi ajifunze kila mzizi wa njiani, na kila akitaka kutoka atategemea bodaboda au mkono wako. Huenda ndicho alichokiona aliposimama barabarani. Sina hakika. Ninyi mnaweza kuulizana.

Ikiwa ni hivyo, ile fremu ya vifaa vya umeme nayo inahitaji kuangaliwa upya. Ni biashara ya herufi ndogo ndogo na ya kuhesabu chenji. Ni haki yake kutaka shughuli, mwanamume aliyechomelea vyuma maisha yake yote hawezi kukaa tu. Lakini duka lisiloonekana vizuri na mwenye duka hula mtaji kimyakimya, na mtaji huo ni miaka yako 34.

Nigeukie Bagamoyo, maana huko nako kuna mambo umeyachukua kama yalivyo. Semina ya wiki tatu mtu analala nyumba ya wageni, chakula kinapikwa na wengine, na jioni ana nafasi ya kushuka ufukweni. Nami naipenda pwani ile, sitakuvunja moyo. Ila ungeishi pale Februari, kaskazi inapovuma na jasho halikauki, baada ya miaka 27 ya hewa kavu ya Dodoma, na ungefika Aprili masika yakiwa yamekolea, usimame kwenye kiwanja chako uone maji yanapita wapi. Chumvi ya bahari hula mabati na nondo, waulize waliotangulia kujenga. Na Bagamoyo kuna ardhi iliyotengwa kwa ajili ya mradi wa bandari na eneo maalumu la kiuchumi. Kabla hujaweka tofali moja juu ya lenta, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na karatasi yako, uulize kiwanja kiko wapi kwenye ramani na kinaweza kupimwa ukapata hati. Karatasi ya mhuri wa kijiji ni mwanzo tu. Fedha ya kupima na kumilikishwa iingize kwenye hesabu kabla ya fedha ya bati.

Binti yako anakupenda, na wajukuu ni tunu. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba anataka wanawe wapate bibi, na nakuomba umuulize bibi huyo anatakiwa siku ngapi kwa wiki. Bunju na Kiromo ni karibu kiasi cha kukuletea watoto Ijumaa na kuwasahau mpaka Jumatatu. Umepokea watoto wa watu miaka 34. Ukitaka kulea tena, iwe umechagua. Na binti mwenyewe leo yuko Bunju, kesho mumewe akipata kazi Mbeya watahama, na boma litabaki pale pale.

Hospitali sitakufundisha kazi yako. Tanga kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndani ya mji, dakika chache kutoka Ngamiani. Bagamoyo kuna hospitali ya wilaya, na jambo likizidi mtapelekwa Tumbi pale Kibaha au Muhimbili. Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 70, na siku ya foleni ni safari ndefu kuliko inavyosomeka. Kutoka Tanga hadi Dar ni kama 350, lakini mengi ya presha na sukari yanatibika hapo hapo Bombo. Piga mizani mwenyewe, ukikumbuka kwamba wewe pia utazeeka, magoti yako nayo yana siku zake.

Kuna mji wa tatu katika barua yako ambao umeupita kama kituo cha basi. Dodoma. Nimeisoma barua nikitafuta mahali ambapo watu wamekubeba wewe kama wewe, si kama mke wa fulani wala mama wa fulani. Nimepakuta mahali pamoja tu: kile kikundi cha akina mama kilichokupa zamu ukanunua kiwanja. Wanawake uliowazalisha wako mtaani kwako. Mabinti uliowapokea wewe mwenyewe sasa nao ni mama. Huenda mmeshalizungumza mkalitupa, ardhi ghali, hamna nyumba, mumeo kachoka na vumbi. Sawa. Ila lilipaswa kuwekwa mezani kabla ya kuondolewa.

Umetaka nikuambie kama mke mwema humfuata mumewe. Katika dini yenu, na mnaweza kumuuliza shehe mnayemwamini, mke ana haki ya makazi yake ya staha, na mali yake ni yake, halazimiki kuitoa. Hilo likutoe hatia. Lakini haki ni kitu cha kushika mtu anapokunyang'anya, na mumeo sijamwona akinyang'anya. Alisema hongera akaenda kukaa nje. Miaka mingi sasa yuko nje pale. Ulificha kiwanja kwa sababu uliogopa karakana itakimeza, na hofu yako ilikuwa na msingi. Naye alijifunza siku hiyo kwamba mkewe anapanga uzee bila yeye. Mliwahi kulizungumza hilo, au mliliwekea bati juu? Nina wasiwasi kwamba "tutatembeleana" aliyoisema juzi ilianza kuandikwa mwaka 2014.

Njia zipo, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kupanga Tanga mwaka mmoja, Chumbageni au Makorora, nyumba ndogo yenye mlango wenu, karibu na ndugu lakini si ndani yao. Yeye atapata barabara zake na msikiti wake, wewe utapata kumjua wifi yako bila kugombea jiko. Hatari yake ni kwamba kodi inakula pensheni, na boma lisilo na mtu huingiwa na watu. Mnaweza kuezeka vyumba viwili tu Kiromo, mkaingia, na yeye akaendelea na safari zake za kila mwezi. Siku hizi hamna haja ya kupita Dar, lami ya Makofia hadi Msata, kilomita 64, inawatoa moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Segera. Hatari yake ni macho yale na basi. Mnaweza kwenda Ngamiani kama anavyotaka, lakini mirathi ifunguliwe kwanza: kikao cha familia, muhtasari, cheti cha kifo, msimamizi ateuliwe Mahakama ya Mwanzo, na kila mmoja ajue fungu lake. Labda ndugu watakubali kumuuzia mafungu yao, labda wifi atahitaji kuhakikishiwa chumba chake mpaka mwisho. Hatari yake ni kwamba kufungua mirathi kunaweza kuamsha ugomvi uliolala. Wengine wangesema afadhali uamke mngali wote wawili hai. Na akitaka kukupa sehemu yake kwa hiba akiwa hai, au wewe kumpa yeye kitu Kiromo, hilo nalo lina taratibu zake, liandikwe na lishuhudiwe.

Hata kutembeleana, ikiwa mmekaa mkakubaliana bila kisasi, kuna wanandoa wazee wanaoishi hivyo, kusi huku, kaskazi kule. Lakini ile uliyoniandikia haikuwa makubaliano. Ilikuwa tabasamu, nawe hukulala.

Vyovyote itakavyokuwa, ningeomba mkupuo ukitoka usiguswe miezi sita ya mwanzo. Ishini kwa pensheni ya mwezi, maana ndiyo itakayowalisha miaka iliyobaki, mwone inafika wapi. Watu watakuja na mipango, wengine watoto wenu wenyewe. Mwambie kila mmoja bado mnatafuta pa kukaa, na itakuwa kweli.

Kabla ya yote hayo, nina ombi. Mrudi Kiromo mara moja zaidi, ninyi wawili, bila binti na bila fundi. Mshike mkono avuke, muingie ndani ya boma. Tafuteni matofali mawili mkae. Mwombe radhi ya ule mwaka wa 2012 kwa maneno machache, usijitetee, habari ya madeni ya karakana anaijua. Kisha muulize kitu kidogo tu: mlango wa uani angependa uelekee wapi, na je, mti wa ndimu unaweza kukaa upande gani. Ukimsikiliza jinsi anavyojibu, au anavyonyamaza, niandikie tena.